Afya Nyumbani: Je, Mitishamba Yaweza Kutoa Sumu ya Madini Mwilini?

Miongoni mwa barua mlizotuletea ziko tatu ambazo, ingawa zimetoka sehemu mbalimbali, zinauliza jambo moja. Mama wa kwanza anaishi karibu na machimbo ya dhahabu, naye amesikia watu wakizungumza juu ya zebaki. Mama wa pili ana mume anayefungua betri kuukuu za magari uani na kuyeyusha risasi iliyomo. Wa tatu ameletewa na mama mkwe wake chupa ya mizizi iliyochemshwa, ampe mtoto vijiko viwili kila asubuhi ili kumsafisha damu. Wote wanataka kujua kama uko mti, jani au mzizi uwezao kutoa sumu ya madini mwilini.

Jibu fupi ni hili: iko mimea michache inayotia matumaini, lakini hakuna hata mmoja ambao mama aweza kuutegemea peke yake mtoto akiwa amekwisha kudhurika. Jibu refu lina mambo mengi zaidi, na mengine yanamhusu mama kuliko daktari.

Kwanza tuelewane. Risasi tunayoisema hapa si ya bunduki tu. Ni yale madini laini ya kijivu yaliyo ndani ya betri za magari, ambayo pia mafundi wa redio huyatumia kuunganisha nyaya. Risasi, zebaki, aseniki na kadmi huitwa kwa pamoja madini mazito. Mwili hauna kazi nayo, lakini hauna akili ya kuyakataa. Risasi ikifika tumboni, mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ile inayojenga mifupa na meno, ukaipokea kwa mikono miwili na kuiweka akiba. Katika damu nusu yake huondoka kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika mifupa hukaa miaka mingi, hata makumi ya miaka. Kisha mama anaposhika mimba na mifupa yake kuanza kutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi ya zamani hutoka nayo na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana jambo hili ni letu sisi wanawake kwa namna ya pekee.

Tena watoto wadogo huivuta risasi tumboni mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, nao ndio wanaotambaa chini na kutia vidole mdomoni. Dalili zake hudanganya. Mtoto huumwa tumbo, hukosa choo, hupungukiwa damu, huwa mkali bila sababu, au huwa mzito wa kujifunza. Mama hudhani ni minyoo, mwalimu hudhani ni uvivu, na jirani, kama ilivyo desturi, hutafuta mchawi. Sumu ikizidi sana mtoto hushikwa na degedege na aweza kufa. Ikiwa kidogo, huenda isionyeshe dalili yoyote ya nje, na bado ikapunguza akili yake.

Wengi mtakumbuka habari za Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kawaida huko Mombasa. Hapo palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, alikuwa na mtoto mchanga aliyeugua bila kupona. Alitibiwa magonjwa mengine mpaka damu yake ilipopimwa na kuonekana ina risasi. Mtoto huyo hakuwa akipelekwa kiwandani. Ilisemekana sumu ilimfikia kupitia kwa mama yake. Bi. Omido aliacha kazi, akawakusanya majirani, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi haikuishia hapo, ilipanda hadi mahakama za juu. Tumeitaja kwa sababu ilianza na mama mmoja aliyekataa kuambiwa tena kwamba ni homa tu.

Sasa tuje kwenye majani. Wakristo wengine huogopa hata kutaja mitishamba, wakidhani kila aliye na mzizi mkononi ni mganga wa kupiga ramli. Sisi hatuoni hivyo. Nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, na Ezekieli alionyeshwa miti ambayo majani yake yalikuwa ya kuponya. Lakini Biblia hiyohiyo, katika Wafalme wa Pili sura ya nne, inatusimulia habari za mtu aliyekwenda kondeni, akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni wakati wa njaa. Walioonja walipiga kelele kwamba ni mauti. Alikuwa na nia njema kabisa, ila hakuujua mmea aliouchuma.

Mmea uliopimwa vizuri kuliko mingine ni kitunguu saumu. Huko Iran wafanyakazi 117 wa kiwanda cha betri, waliokuwa na risasi mwilini, waligawanywa makundi mawili. Wengine walipewa vidonge vya kitunguu saumu mara tatu kwa siku, wengine dawa ya hospitali iitwayo penisilamini, kwa muda wa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Risasi katika damu ya waliopewa kitunguu saumu ilishuka karibu sawa na ya wale wa dawa, maumivu ya kichwa yakapungua, na madhara ya dawa yakawa machache zaidi. Hii ni habari njema, wala hatutaki kuificha.

Hata hivyo soma na hesabu yake. Kwa wastani, kipimo cha waliokula kitunguu saumu kilitoka kwenye mikrogramu 43 hivi kwa desilita moja ya damu kikafika 35 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu akifikisha 5 tu inafaa itafutwe sumu inakotoka na kuiondoa. Kwa hiyo baada ya mwezi mzima wa vidonge wanaume wale walikuwa bado na mara saba ya kiasi hicho. Tena walikuwa watu wazima, na vidonge vilikuwa vimepimwa dozi. Hatujui punje ngapi za sokoni zinalingana na kidonge kile, na mtoto wa miaka miwili akilazimishwa kutafuna kitunguu saumu kibichi atachomeka mdomo na tumbo. Kitie katika mboga kwa wingi mnaopenda nyumbani. Kama chakula ni kizuri.

Giligilani, ambayo wengine huita dania au kotimiri, imesifiwa mno kwamba huvuta madini kutoka hata kwenye ubongo. Huko Iran, mwaka 2008, ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa miaka 3 hadi 7 waliokuwa na risasi. Wengine walipewa dawa ya giligilani na wengine dawa bandia isiyo na kitu ndani. Risasi ilipungua kwa makundi yote mawili, wala giligilani haikushinda dawa bandia. Watafiti walidhani sababu ni kwamba watoto wote walikuwa wamelishwa vizuri zaidi wakati wa uchunguzi. Tafadhali mama, lishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Na mlonge? Huu ni mti tunaoupenda, na siku hizi hauna ugonjwa ambao wauzaji hawasemi unautibu. Wataalamu wa India wamejaribu unga wa mbegu zake kwa panya waliopewa aseniki, na sumu katika viungo vyao ikapungua. Panya ni panya. Kwa watoto wetu hiyo bado si dawa. Mbegu hizohizo zikitwangwa na kukorogwa katika maji ya tope huvuta tope likazama chini, nalo ni jambo la kweli linalosaidia vijijini, ingawa maji yapasa kuchemshwa hata hivyo. Magamba ya mizizi yake yaacheni kabisa, hasa mwenye mimba. Lakini majani mabichi ya mlonge yakipikwa kama mchicha yana kalsiamu na chuma, na hapo ndipo tungependa kuupa mlonge heshima yake: ndani ya sufuria ya mboga.

Kuna jambo ambalo wauza dawa hawalisemi. Mmea hunywa kilicho ardhini. Mwaka 1999 wataalamu wa Dar es Salaam walitoa matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito ndani ya majani yenyewe, risasi ikiwemo. Kuosha huondoa vumbi la juu, hakuondoi kilichokwisha kunywewa na mzizi. Basi mganga aliyechimba mizizi yake karibu na jalala au gereji anaweza kukuuzia sumu ileile unayoikimbia. Na si mganga wa kwetu peke yake. Mwaka 2004 madaktari wa Boston huko Marekani walipima dawa 70 za asili ya Kihindi zilizouzwa madukani, zenye vibandiko vizuri, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Huko Bangladesh bizari, ambayo wengi husema husafisha damu, ilikuwa ikipakwa rangi ya manjano yenye risasi ili ing'ae sokoni. Jambo hilo liligunduliwa na kutangazwa mwaka 2019, serikali ikawachukulia wauzaji hatua, na kufikia mwaka 2021 bizari iliyopimwa sokoni ilikuwa safi. Sisi tungependelea mama anunue bizari nzima, aioshe, aianike na kuitwanga mwenyewe.

Sasa turudi kwa wale watoto waliopona sawasawa na wenzao kwa sababu ya kulishwa. Risasi hupita mlango uleule wa kalsiamu na chuma. Mtoto mwenye upungufu wa damu, asiyepata maziwa wala dagaa, mlango wake uko wazi kabisa. Aliyeshiba vitu hivyo mlango wake una watu tayari, na sumu nyingi hupita moja kwa moja na kutoka chooni. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeagiza kwamba mtoto mwenye risasi katika damu, ambaye hapati kalsiamu au chuma cha kutosha, aongezewe. Na mama mjamzito mwenye risasi aongezewe kalsiamu. Hiyo ndiyo mitishamba tunayoweza kuitetea bila woga: mchicha, majani ya maboga, kisamvu, matembele, maharagwe, pamoja na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa au mtindi. Weka kipande cha ndimu, chungwa au pera karibu na mboga, maana uchachu wake husaidia mwili kupokea chuma. Chai ya rangi ingoje, isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia chuma. Tena tumbo tupu huvuta risasi zaidi kuliko lililojaa. Mtoto anywe uji kabla hajatoka kwenda kucheza au shuleni, hata kama ni uji wa mahindi tu.

Lakini kulisha huku sumu ikiendelea kuingia ni kuchota maji kwa pakacha. Lazima mama aipekue nyumba yake. Udongo wa kula, ule wanaouita pemba, ndio wa kwanza. Wajawazito wengi huutamani, na mara nyingi hamu hiyo huendana na upungufu wa damu. Huko Geita wajawazito 340 walichunguzwa, na uchunguzi ukachapishwa mwaka 2014. Karibu nusu yao walikuwa wakila udongo, na udongo uliopimwa ulikuwa na aseniki na madini mengine. Hatusemi hili kumwaibisha mtu, maana wengi wetu tumeupitisha mdomoni. Mjamzito amweleze mkunga kliniki apimwe damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Hamu nayo mara nyingi hupungua damu inapoongezeka. Vidonge hivyo avifungie juu, kwa sababu mtoto akivimeza vingi vyaweza kumwua.

Wanja wa mawe ni wa pili. Akina bibi hupenda kumpaka mtoto mchanga machoni, nao mwingine husagwa kutoka jiwe lenye risasi ndani yake. Mtoto hujifuta macho, kisha hunyonya mkono. Mwacheni mtoto na macho yake aliyopewa na Mungu.

Sufuria je? Zile zinazomiminwa mtaani kutokana na vyuma chakavu huwa na mchanganyiko wa kila kitu, na vipande vya injini humo pia. Mwaka 2017 ilitolewa habari ya kupimwa kwa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni, na karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kutosha kudhuru. Vitu vichachu, kama nyanya, ndimu na ukwaju, huitoa zaidi. Mwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, au sufuria ya chuma cha pua, apikie humo vitu hivyo. Asiye nacho asilaze mchuzi mchachu ndani ya sufuria usiku kucha.

Tumeacha betri mwisho kwa sababu hapa pana ugumu wa nyumba. Kuyeyusha risasi uani ndiko kubaya kuliko vyote tulivyotaja. Moshi wake huanguka kwenye mchanga ambao watoto huchezea, na maji ya betri hunyunyizika. Lakini kazi hiyo ndiyo inayolipa ada na kununua unga, na mume akiambiwa ghafla mbele ya watu kuwa anawaua wanawe atakasirika, na pengine ana haki. Ongea naye jioni, mkiwa wawili, watoto wamelala. Usianze na lawama, anza na mtoto: "Baba Neema, nimesoma jambo kuhusu betri, naomba tulitazame pamoja." Omba kwanza kwamba kuyeyusha kuhamie mbali na nyumba na kisima, na wakati huo huo mtafute namna ya kukuacha kabisa, maana kuziuza betri zikiwa nzima kunaleta fedha bila moto. Nguo za kazi na viatu vibaki nje ya nyumba. Aoge kabla hajamshika mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Ndani usifagie kavu, kwani vumbi huruka na kutua tena. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Mtoto anawe mikono kila anapokula.

Kwa mama wa machimboni, mambo ni tofauti kidogo. Hatari iliyo karibu zaidi ni mvuke unaotoka wakati zebaki na dhahabu vinapochomwa kwenye kikaango, tena mara nyingi jikoni, mwanamke akiwa na mtoto mgongoni. Mvuke huo hauna harufu wala rangi, nao huingia kwa pumzi. Wachimbaji husema kunywa maziwa kunazuia. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unakwenda mapafuni, havikutani. Wala hakuna majani tunayoyajua ya kukingia pumzi. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba, na kikaango hicho kisirudi kupikia mayai.

Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto hospitali, kwanza ile ya wilaya au mkoa. Usiseme tu kwamba anaumwa tumbo. Sema waziwazi: "Daktari, nyumbani tunayeyusha betri," au, "Mtoto amekuwa akila udongo," na uombe damu ipimwe risasi, kwani si kipimo cha kila siku na huenda sampuli ikapelekwa maabara kubwa mjini. Ikiwa kuna dawa ya kienyeji aliyokunywa, nenda nayo, hata kama iliyobaki ni kidogo. Kwa mama mkwe huna haja ya kubishana. Mshukuru kwa upendo wake, mwambie daktari ameomba kuiona chupa kabla mtoto hajaendelea, na ikiwezekana mwende wote pamoja. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu kabla hajashauriwa, kwa sababu mara nyingi faida ya maziwa yake ni kubwa kuliko hatari.

Mtoto wa miaka 10 au chini yake akifikisha mikrogramu 45, mwongozo unaagiza apewe dawa maalumu zinazoshika risasi na kuitoa kwa mkojo. Dawa hizo hazinunuliwi kiholela wala kuchomwa na mtu wa mtaani. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka mitano alikufa kwa kudungwa dawa isiyo yake, iliyoshusha kalsiamu ya damu mpaka moyo ukasimama. Wala hazifai kitu mtoto akirudishwa kwenye uani uleule wenye vumbi. Na baada ya dawa, kipimo kikishuka, usishangae kikipanda tena baada ya wiki chache: hiyo ni risasi inayotoka mifupani kuingia kwenye damu. Kwa hiyo utapewa siku ya kurudi kupima. Iandike kwenye kadi ya kliniki, na uendelee na uji, mboga za majani na dagaa.